Lukemia Kali ya Mieloidi: Maswali na Majibu

Huu ni ugonjwa gani?

Ni saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho, ile tishu laini iliyomo ndani ya mifupa ambamo chembe za damu hutengenezwa. Chembe changa zinashindwa kukomaa, huku zikizidi kuongezeka hadi chembe nzima zinakosa nafasi. Neno "kali" hapa halihusu maumivu bali kasi, kwani ugonjwa unaweza kumlaza mtu kitandani ndani ya wiki chache.

Kwa nini mgonjwa hutokwa na damu, huishiwa nguvu na kupata homa kwa wakati mmoja?

Chanzo ni kimoja, uboho uliozidiwa. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, huishi siku 7 hadi 10 tu, hivyo upungufu wake huonekana mapema: fizi hutoka damu wakati wa kupiga mswaki, hedhi haikatiki, na miguuni hutokea vidoa vyekundu, vidogo kama kichwa cha pini, ambavyo ukivibonyeza kwa kidole havififii. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kwa hiyo upungufu wa damu hujengeka taratibu, hadi mgonjwa anahema kwa kutembea hatua chache. Chembe nyeupe nazo, hata zikihesabiwa nyingi mno, huwa sehemu kubwa ni zile changa zisizoweza kupambana na vimelea.

Mbona huchelewa kutambuliwa?

Kwetu Afrika Mashariki homa na upungufu wa damu humfanya mtu afikirie malaria kwanza, na si kosa. Kosa ni kurudia dawa ya malaria ilhali kipimo hakionyeshi vimelea. Hapo tafadhali omba kipimo cha picha kamili ya damu. Kikitia shaka, daktari hutoa uboho kidogo kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga. Chembe changa zikifikia asilimia 20 ya chembe za uboho, kwa kawaida ugonjwa huwa umethibitika.

Unaambukiza?

Hapana, hata kidogo.

Unatibika?

Wapo wanaopona, hasa vijana. Tiba iliyozoeleka ni dripu ya sitarabini, dawa ya kuua chembe za saratani, kwa siku 7, pamoja na dawa nyingine ya aina hiyo, daunorubisini, kwa siku 3 za mwanzo. Baada yake uboho huacha kutengeneza chembe kwa wiki kadhaa, na mgonjwa huhitaji kuongezewa damu na chembe sahani mara kwa mara. Chembe sahani huhifadhika kwa siku 5 hivi tu, kwa hiyo ndugu wanaojitolea wapangiane zamu na benki ya damu, wasije wote siku moja.