Herufi za mlazo si za kawaida zilizoinamishwa
Ukienda kuchapisha kadi ya harusi hapa Mombasa, utaambiwa lile lile la miaka yote: herufi za mlazo ni zile za kawaida, zimeinamishwa tu. Sivyo. Baadhi ya herufi zisizo na vimkia (vijistari vidogo kwenye ncha za herufi) huinamishwa kweli, lakini zenye vimkia huchorwa upya. Litazame kwa karibu neno "fungate" katika mlazo uliokozwa, yaani ulionenepeshwa: "f" inashuka chini ya mstari, "a" imevua kofia yake ikabaki duara lenye mguu, na vimkia vya "n" vimekuwa mikunjo ya kalamu. Ni mwandiko wa mkono huo. Mchonga herufi Francesco Griffo aliuchonga mlazo Venice, Italia, kwa ajili ya mchapishaji Aldus Manutius, na mwaka 1501 wakachapa kitabu kizima cha Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kwa mlazo. Haukuwa wa kusisitiza neno. Kukoza kulienea baadaye sana, karne ya 19.

Kompyuta ikikosa mlazo halisi huzisukuma herufi upande, zikaonekana kama zinaanguka. Kwa majina ya maharusi, mlazo uliokozwa unapendeza mno. Kwa aya nzima ya mwaliko unachosha macho. Hapo, jamani, tumieni za kawaida.