Je, wajua kwa nini CDI, kile kisanduku kinachotuma umeme wa cheche kwenda kwenye plagi, husingiziwa mashine ya boti inapokosa moto?

Swichi ya taa huzima taa kwa kukata umeme. Swichi ya kuzimia mashine ya boti, katika mashine nyingi ndogo zinazotumia CDI, hufanya kinyume: huunganisha waya mmoja na bodi ya mashine, na umeme uliokuwa uende kwenye plagi ukapotelea huko. Kwa hiyo waya huo ukichubuka ukagusa chuma, au chumvi ikiota ndani ya swichi, mashine huwa kama imezimwa. Utavuta kamba mpaka bega liume.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kununua CDI mpya, spea ya bei kubwa ambayo wauzaji wengi hawakubali irudishwe ikishafungwa. Sababu ya kuisingizia ni rahisi: ni kisanduku kilichozibwa, ndani hakuonekani, na mita ya kawaida haiwezi kuthibitisha kama ni kizima. Kisichopimika ndicho hubebeshwa lawama.

Lakini hebu tuufuate umeme. Sumaku za gurudumu la juu ya mashine zikizunguka, koili ya kuchaji iliyo chini yake hutoa volti mia kadhaa. CDI huzihifadhi kwenye kapasita. Koili nyingine ndogo hutoa volti chache tu, kama ishara ya kusema “sasa!”, na kapasita humwaga umeme wote kwenye koili ya plagi, ambayo huupandisha hadi makumi ya maelfu ya volti. CDI iko katikati. Isipopokea, haina cha kutoa.

Ndiyo maana kipimo cha kwanza hakihitaji hata mita: chomoa waya wa kuzimia unaoingia kwenye CDI, kisha angalia moto kwa kipima cheche. Ukirudi, tatizo ni swichi au waya wake. Ila kumbuka, waya ukiwa nje kitufe hakiizimi tena mashine, basi gia iwe huru na uwe tayari kuinyima mafuta. Usijaribu cheche penye mvuke wa petroli, wala usiache waya wa plagi ukining'inia bila kugusa bodi. Umeme usio na pa kwenda unaweza kuiua CDI iliyokuwa nzima.

Mashine ya silinda mbili yenye koili mbili za plagi za namna moja inakupa kipimo cha bure: zibadilishane nafasi. Ubovu ukihama na koili, umempata mwizi. Ukibaki kwenye silinda ileile, rudi nyuma kwenye njia ya umeme.

Sasa mita. Pima omu za koili, yaani ukinzani wake, ulinganishe na kitabu cha mashine hiyo hasa, lakini usiiamini sana. Waya wa koili ni mwembamba mno; unaweza kusoma vizuri ukiwa baridi, kisha ukaachia ukipata joto. Mashine inayozima baada ya muda na kuwaka tena ikipoa, ipime ingali moto. Kwa volti, mita ya kawaida hudanganya, maana umeme huu huja kwa mapigo mafupi mno. Unahitaji adapta ya kunasa kilele cha pigo.

Koili ya kuchaji na ile ndogo ya ishara zikitoa volti zinazotakiwa na koili ya plagi haipati kitu, hapo CDI ina kesi ya kujibu. Hata hivyo, kwanza fungua waya wake mweusi unaokwenda kwenye bodi, ukwangue kutu, uufunge tena, uvute kamba mara moja zaidi.