Pasi ya mwaka si nafasi: kanuni za kuingia bustani za Disney nchini Marekani

Agosti 2021, bustani ya burudani ya Disneyland, iliyoko Anaheim, California, ilianza kuuza pasi mpya za mwaka zilizopewa jina la Magic Key. Zilikuwa nne: Imagine, Enchant, Believe na Dream. Ya chini, Imagine, iliuzwa dola 399. Ya juu kabisa, Dream, dola 1,399. Kilichoiuza Dream ni ahadi fupi kwenye tangazo: haina siku zilizofungwa, yaani siku ambazo pasi haikubaliwi ingawa bustani iko wazi. Wanunuzi waliielewa ahadi hiyo kama ambavyo wewe au mimi tungeielewa, kwamba siku yoyote geti likiwa wazi, wao wanapita.

Haukupita muda mrefu, baadhi yao wakaingia mtandaoni kutafuta Jumamosi au Jumapili ya Novemba, wakakuta nafasi, ambazo mwenye pasi alilazimika kuziweka kabla ya kufika, zimekwisha. Lililowaudhi zaidi ni kwamba mtu asiye na pasi, mwenye pesa ya tiketi ya siku moja, alikuwa bado anaweza kununua na kuingia tarehe hiyohiyo.

Sisi tunaofundisha usimamizi wa huduma za utalii huwa tunalileta tukio hili darasani mapema, kwa sababu linatenganisha vitu viwili ambavyo mteja huvichanganya, na ambavyo wakati mwingine muuzaji hana haraka ya kuvitenganisha. Kuna siku ambayo pasi yako inaruhusiwa kutumika. Halafu kuna nafasi yako ndani ya siku hiyo. Pasi inakupa cha kwanza tu.

Zamani tofauti hii haikuwa na maana. Mwenye pasi alikuwa na siku zake za kufungiwa, hasa sikukuu, lakini siku nyingine kwa kawaida alijiendea tu, hata baada ya kazi, akala, akapanda bembea moja, akarudi nyumbani. Janga la korona ndilo lililobadilisha mambo. Bustani za Disney nchini Marekani zilifungwa Machi 2020. Zile za Florida zilianza kufunguliwa tarehe 11 Julai mwaka huohuo, kwa sharti kwamba kila mgeni aweke nafasi mtandaoni kabla ya kufika. California ilikawia. Disneyland haikufunguliwa hadi tarehe 30 Aprili 2021, na wakati bado imefungwa, Januari 2021, kampuni ilitangaza kuufuta kabisa mpango wake wa zamani wa pasi za mwaka. Magic Key ikazaliwa ndani ya utaratibu wa kuweka nafasi. Haikuwahi kuishi nje yake.

Masharti ya afya yalipolegezwa, kanuni ya nafasi ilibaki. Mtu yeyote aliyewahi kuendesha hoteli au uwanja ataelewa kwa nini. Ukijua wiki moja mapema kwamba watakuja watu wangapi, unajua upange wafanyakazi wangapi, jiko liandae chakula kiasi gani, maonyesho ya jioni yawe mangapi. Msongamano unaugawa mwenyewe: unasukuma watu kutoka Jumamosi kwenda Jumanne bila kumfukuza mtu getini. Sina ugomvi na hilo. Huo ni usimamizi mzuri.

Ugomvi unaanzia kwenye mgawanyo. Kule Walt Disney World, Florida, kalenda ya nafasi haikuwa moja. Zilikuwa tatu: ya wenye tiketi za tarehe (tiketi za kawaida zinazonunuliwa kwa tarehe maalumu), ya wageni wa hoteli zilizoteuliwa, na ya wenye pasi za mwaka. Fikiria mapipa matatu ya maji yanayojazwa na mtu mmoja. Pipa lako likikauka, haina maana kisima kimekauka. Ina maana mwenye kisima ameamua kiasi chako ni hicho. Kwa hiyo mwenye pasi akiambiwa "nafasi zimejaa", aelewe kwamba zilizojaa ni nafasi za kundi lake. Bustani yenyewe inaweza kuwa bado inapokea watu.

Kwa nini kampuni ikaze pipa la mteja wake mwaminifu? Hesabu. Mwenye pasi ameshalipa. Akija mara ya ishirini haongezi senti kwenye mapato ya geti, na mara nyingi hata kofia na fulana alishanunua mwaka juzi. Mgeni wa mara moja analipa tiketi nzima, pengine na hoteli, na watoto wake wanataka kila kitu dirishani. Mwaka 2022 taarifa ya mapato ya kampuni ilitaja mchanganyiko usiofaa wa wahudhuriaji huko Disneyland kama kitu kilichopunguza ongezeko la matumizi ya wageni. Wenye pasi waliosoma sentensi hiyo hawakuhitaji mkalimani: wasiofaa ni wao. Wengine walichapisha maneno hayo kwenye fulana, wakayavaa na kuingia nayo.

Turudi kwenye pasi yenyewe, kwa sababu kuna kanuni moja ndogo inayoumiza watu kuliko bei. Ni ukomo wa nafasi unazoweza kushikilia kwa wakati mmoja. Magic Key ilipoanza, Dream na Believe ziliruhusu nafasi sita, Enchant nne, Imagine mbili. Dirisha la kuweka nafasi lilikuwa siku 90 mbele.

Mchukue mwenye Imagine. Ana nafasi mbili. Anaweka moja ya Jumanne ijayo, na nyingine ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe, miezi miwili mbele, kwa sababu anaogopa itajaa. Ni uamuzi wa busara. Lakini ile ya mbali sasa imekaa kwenye mfuko wake kama mgeni asiyeaga. Kwa miezi miwili yote amebaki na nafasi moja tu ya kuzungusha: aitumie Jumanne, ndipo aweze kuweka nyingine. Akitaka Ijumaa na Alhamisi ya wiki inayofuata kwa pamoja, hawezi. Kwenye karatasi ana mbili, mkononi ana moja. Mwenye sita hata hakumbuki kwamba ukomo upo.

Kwenye familia mambo huzidi. Baba akiwa na pasi ya juu, mama ya kati na mtoto ya chini, kila mmoja anaangalia siku zilizofungwa kwenye pasi yake na hesabu yake ya nafasi. Siku ya kutoka pamoja itakuwa ile ambayo pasi dhaifu kuliko zote inaikubali. Ndiyo maana nikiulizwa na familia kama inafaa mmoja wao apande daraja, huwa nauliza kwanza wengine watabaki na ipi. Pasi moja ya bei ghali kati ya tatu za bei nafuu hainunui kitu kikubwa zaidi ya kwenda peke yako.

Kisha kuna adhabu ya kutotokea. Aliyeweka nafasi asifike, wala asiifute kabla ya siku yenyewe kuanza, alihesabiwa kosa. Makosa matatu ndani ya siku 90 yalimzuia kuweka nafasi mpya kwa siku 30. Kanuni hii nayo ina haki yake, maana kila kiti kinachoshikiliwa bila mtu kukalia ni kiti alichonyimwa mwingine. Ila angalia ilivyofungamana na ile ya kwanza. Uhaba unamfundisha mtu kuweka nafasi mapema kabla hajajua ratiba yake, kisha adhabu inamkamata kwa kutoijua ratiba yake.

Na wakazi wa California wanaolipia pasi kwa awamu za kila mwezi wanapaswa kukumbuka kwamba wamesaini mkataba wa mwaka mzima. Mwezi uliokosa nafasi unalipiwa kama mwezi uliokwenda mara nne.

Kuhusu ile Dream, jambo lilifika mahakamani. Mwishoni mwa 2021 mteja mmoja alifungua kesi California akidai kwamba tangazo la kutokuwa na siku zilizofungwa lilikuwa la kupotosha, kwa kuwa ukosefu wa nafasi kwa kundi lake pekee ulikuwa kufungiwa kwa jina jingine. Ikawa kesi ya pamoja kwa niaba ya wanunuzi wote wa pasi hiyo, zaidi ya watu 100,000. Disney ilikana kosa. Mwaka 2023 pande mbili zilikubaliana kumaliza kwa dola milioni 9.5. Baada ya kuondoa ada za mawakili na gharama nyingine, kila mmoja alitarajiwa kupata kama dola 67. Kwa aliyelipa 1,399, hizo si fidia ya mwaka, ni chakula cha mchana kwa watu wachache ndani ya bustani hiyohiyo.

Lakini kesi haikupita bure. Hata kabla haijamalizika, Agosti 2022, Dream iliondolewa sokoni na nafasi yake ikachukuliwa na Inspire, dola 1,599, ambayo tangu mwanzo ilisema wazi kwamba siku za kuzunguka Krismasi zimefungwa. Bei imepanda, ahadi imeshuka, lugha imenyooka. Kwa mtazamo wa mwalimu wa huduma kwa wateja, hicho cha tatu kina thamani yake.

Florida ilichagua njia nyingine, ya kulegeza kidogokidogo. Kuanzia tarehe 18 Aprili 2023, mwenye pasi aliruhusiwa kuingia bila nafasi baada ya saa 8 mchana, isipokuwa Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za huko, siku za Jumamosi na Jumapili. Tarehe 9 Januari 2024, tiketi za tarehe ziliacha kudai nafasi, na wenye pasi wakaanza kutangaziwa siku maalumu ambazo wanaingia saa yoyote bila kuweka nafasi. Linganisha makundi hayo mawili: mgeni wa wiki moja alifunguliwa mlango wote, mwenye pasi akafunguliwa siku zilizochaguliwa. Hata katika kulegeza, mapipa hayakuwa sawa.

Kwa anayefikiria kununua, bei iache iwe ya mwisho kuitazama. Fungua kalenda ya siku zilizofungwa kwa pasi unayoitaka, uiweke kando ya siku ambazo kweli una likizo. Ukimaliza, fungua kalenda ya nafasi za wenye pasi kabla hujalipa, utazame Jumamosi nne zijazo. Angalia idadi ya nafasi unazoweza kushikilia, saa ya mwisho ya kufuta na adhabu ya kutotokea, na usome masharti ya siku unayonunua, kwa kuwa haya hubadilishwa mara kwa mara na alichokwambia jirani aliyenunua mwaka juzi huenda hakipo tena. Kama una nafasi mbili tu za kushikilia, ya mbali iweke pale tu ambapo tarehe haiwezi kusogezwa.

Na ukishaweka nafasi, weka kengele kwenye simu jioni ya siku inayotangulia, kwa saa za kule bustani iliko. Mtoto akiamka na homa asubuhi, huenda umeshachelewa kufuta.