Riwaya ya mapenzi ni ipi, na ipi siyo

Maana yake haina ugumu. Riwaya ya mapenzi ni ile ambayo kisa chake kikuu ni watu kupendana, na mwisho wake unawaacha pamoja, au angalau na matumaini ya kuwa pamoja. Ndiyo masharti mawili ambayo chama cha waandishi wa riwaya hizo nchini Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1980, kilizoea kuyataja: mapenzi yawe kitovu, na mwisho uridhishe moyo. Hakuna sharti kwamba mmoja awe mwanamume. Sharti la kitanda halipo pia. Kuna riwaya za mapenzi ambazo watu wanashikana mikono tu mpaka kitabu kinakwisha, na kuna vitabu vya ngono ambavyo mapenzi humo huyapati hata kwa dawa.

Sasa inakuwaje hapa Tanga kila kitabu chenye wanawake wawili wanaopendana kinapewa jina la "riwaya ya mapenzi"? Kiwe na majoka, kiwe na vita vya Biafra, kiwe na mnyonya damu anayelala jenezani, vyote vinatiwa kapu moja. Nusu ya lawama naipeleka kwa simulizi za WhatsApp. Tumezoea kutumiwa "simulizi ya mapenzi, sehemu ya 14, itaendelea", halafu sehemu ya 15 mke mwenza anakwenda kwa mganga, ya 20 mtu kanyweshwa sumu, na ya 31 msimulizi anadai vocha ndipo aendelee. Mapenzi yalishazikwa zamani, jina limebaki.

Nusu nyingine ni ya ile siri. Vitabu hivi husomwa simuni, mwanga umepunguzwa; hakuna atakayekaa navyo barazani Barabara ya 12 saa kumi jioni, majirani wakipita na mikate yao. Mtu akitaka kingine haulizi kwa jina. Anasema, "Shoga, una kingine katika vile?" Na "vile" ikishakuwa aina ya kitabu, basi tena. Lakini nani anampenda nani ni habari ya wahusika. Utanzu, yaani aina ya kitabu, ni habari ya mwendo wa kisa: kinaanzia wapi, kinakuvuta kwa swali gani, na mwandishi anadaiwa nini kwenye ukurasa wa mwisho. Kitabu kinaweza kujibu hilo la kwanza kwa namna moja na hili la pili kwa namna kumi.

Tuanze na mtu wetu. Shaaban Robert, mwana wa Vibambani, alitoa *Adili na Nduguze* mwaka 1952. Wengi tumekisoma shuleni, kwa hiyo sitasimulia chote. Ikibali anatumwa Janibu kudai kodi, usiku anamwona Adili, mtawala mpole anayesifiwa kwa huruma, akiwachapa manyani wawili. Manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu. Ndani kuna majini, kuna mji mzima uliogeuka mawe, na humo Adili anamkuta Mwelekevu, mwanamke pekee aliyesalia hai. Mapenzi yamo, tena mazuri. Je, umewahi kumsikia mwalimu akikiita riwaya ya mapenzi? Kinachokuvuta mpaka mwisho ni wale manyani: walifanya nini, na watarudishiwa utu wao au la. Mwelekevu angekuwa mwanamume na Adili mwanamke, au wote wawili wanawake, swali lingekuwa lile lile la manyani.

Hiyo ndiyo fantasia yenye mapenzi ndani. Kitabu cha Samantha Shannon kilichotoka mwaka 2019, *The Priory of the Orange Tree*, kiko upande huo huo. Kina kurasa zaidi ya 800. Malkia Sabran na Ead, mwanamke aliyeingizwa ikuluni kwa siri ili amlinde, wanapendana, na wanapendana polepole kwelikweli. Ukifika mahali wanapogusana umeshapika na kuosha vyombo mara kadhaa. Lakini kitabu ni cha joka, yule Asiye na Jina, na dunia inayongojea azinduke. Joka likishamalizwa, mwandishi ameshalipa deni lake. Wapenzi wale wanabaki na wajibu wa utawala na miaka ya kungojana, na kwa fantasia hilo ni sawa kabisa.

Kilinganishe na *One Last Stop* cha Casey McQuiston, cha mwaka 2021. August ni msichana aliyehamia New York, na kwenye treni ya Q anamwona Jane, amevaa koti la ngozi. Anamwona tena kesho, behewa lile lile. Jane hazeeki, hawezi kushuka. Ni mtu wa miaka ya 1970 aliyenaswa humo. Mambo ya ajabu yapo, sawa na ya majini. Hata hivyo hii ni riwaya ya mapenzi halisi, kwa sababu kila kiini macho kilichomo kinafanya kazi moja tu, kuuliza kama wale wawili watapatana nje ya treni. Hapo mwandishi akimpoteza Jane kwenye ukurasa wa mwisho, msomaji ana haki ya kudai fedha zake.

Vingine navipitia haraka. *Carmilla* cha Sheridan Le Fanu, cha mwaka 1872, kimemtangulia *Dracula* kwa robo karne. Mnyonya damu ni mwanamke, na anayetamaniwa naye ni binti anayesimulia. Ni hadithi ya kutisha, na mwisho wake ni kigingi kifuani. *Under the Udala Trees* cha Chinelo Okparanta, cha mwaka 2015, kinamfuata Ijeoma tangu utoto wa vitani Nigeria, kwa Amina, kwa ndoa asiyoitaka, mpaka kwa Ndidi. Hicho ni riwaya ya makuzi ya mtu, na mapenzi ni sehemu ya kukua kwake.

Sasa lile linaloniudhi hasa. Kila nikilieleza sharti la mwisho mwema, hatokosekana wa kusema, "Aa, hayo ni mambo ya kitoto. Riwaya ya kweli lazima mtu alie." Kwa mapenzi ya mke na mume sibishani sana, kila mtu na ladha yake, na taarabu zetu zimejaa vilio. Ila kwa riwaya za wanawake wanaopendana, huyo msemaji hajui anachokanyaga, kwa kuwa huo mwisho wa kilio haukuwa ladha. Ulikuwa amri.

Mwaka 1928 Radclyffe Hall alitoa *The Well of Loneliness* Uingereza. Ngono humo hakuna ya kutajika, na mhusika wake, Stephen, mwanamke aliyepewa jina la kiume, anamsukuma mpenzi wake wa kike mikononi mwa mwanamume kwa kuamini ndiyo heri yake. Yaani huzuni tele, na bado mahakama ya London iliamuru nakala ziharibiwe. Kisha njoo mwaka 1952, mwaka ule ule wa Adili. Marekani, Marijane Meaker anaandika *Spring Fire* kwa jina la Vin Packer, kuhusu wasichana wawili wa chuo. Mhariri wake akamweleza wazi kwamba hawawezi kuishia kwenye furaha: vitabu vilisafiri kwa posta, na posta ikiona uhusiano huo umesifiwa ingeweza kuvizuia kwa madai ya uchafu. Basi mmoja akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mwingine akagundua kwamba kumbe hakuwahi kumpenda. Hebu soma kurasa zile za mwisho uone zilivyobandikwa. Kurasa zote za nyuma watu wana damu mwilini, halafu ghafla mwandishi anawafungia kama mlinzi anayewahi kwenda nyumbani.

Mwaka huo huo Patricia Highsmith, naye amejificha nyuma ya jina la Claire Morgan, akatoa *The Price of Salt*. Therese anauza dukani New York, Carol ni mama aliye katikati ya talaka. Carol anapoteza haki ya kuishi na bintiye. Kwa hiyo mtu asiseme hakuna machozi. Lakini mwishoni Therese anaingia ukumbini, Carol anamwona, anainua mkono, na Therese anamwendea. Basi. Hakuna anayekufa wala kutiwa wazimu wala kurudi kwa mume. Wasomaji walimwandikia barua nyingi kwa miaka mingi, wengi wakishukuru kwa hilo tu. Jina lake halisi kwenye jalada lilikuja kukaa karibu miaka 40 baada ya hapo.

Kwa hiyo msomaji wa vitabu hivi anapouliza mapema, kabla hajafungua, "Wanabaki pamoja?", usimcheke wala usimwambie anaharibu uhondo. Anauliza utanzu. Anataka kujua kama ameshika kitabu kinachomdai mwandishi ule mkono ulioinuliwa, au ameshika cha joka, au cha vita, ambacho hakimdai. Vyote vinasomeka, mimi mwenyewe kile cha joka nimekipenda kuliko cha treni, ingawa katikati yake kuna safari za meli ambazo ningezipunguza.

Na wewe dada wa Chumbageni uliyelalamika kwamba kitabu cha kurasa 800 kimekunyima mapenzi: kitabu hakina kosa, aliyekupa ndiye alikuambia "cha mapenzi" kwa sababu tu waliomo ni wanawake wawili. Siku nyingine mwombe akutajie kwanza kisa, kisha wahusika. Aseme "ni fantasia, na mashujaa wawili ni wanawake wanaopendana", au "ni ya mapenzi, wasichana wawili, mmoja amenaswa kwenye treni". Maneno yanaongezeka kidogo, nakiri. Hata kwenye ujumbe wa simu yanatosha.