Je, wajua kwa nini blanketi la flisi halitoi nyuzi likikatwa matundu ya mikono?

Kipupwe kinapoingia Unguja na Pemba, upepo wa kusi huzipoza nyumba za pwani kiasi cha kuwafanya wazee na wenye watoto wachanga kutafuta blanketi tangu magharibi. Blanketi la kawaida lina udhia wake: mkono ukitoka nje kushika kikombe au kufungua msahafu, bega zima hubaki wazi. Dawa yake ni blanketi lenye mikono, linalovaliwa kwa mbele na kuachwa wazi mgongoni. Nchini Marekani lilivuma kuanzia mwaka 2008 kwa jina la Snuggie, na mwaka 2017 Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya nchi hiyo ililazimika kuamua, kwa ajili ya ushuru wa forodha, kama ni nguo au ni blanketi. Ikaamua kuwa ni blanketi, mikono yake na yote.

Kulishona nyumbani si kazi kubwa, kwani blanketi la flisi, kitambaa laini chenye manyoya mafupi, hupatikana kwa urahisi kwenye mitumba. Ajabu huanza mkasi unapopita. Kanga iliyokatwa bila kupindwa huanza kutoa nyuzi baada ya kufuliwa mara chache, lakini tundu lililokatwa katikati ya flisi hubaki na ukingo uliotulia, bila pindo wala ovaloki, yaani mshono wa mashine unaozungushia ukingo.

Jibu linalotolewa na wengi ni kwamba flisi ni plastiki, na plastiki haifumuki. Nusu ya kwanza ni kweli: flisi kwa kawaida hutengenezwa kwa poliesta, jamii ileile ya plastiki ya chupa za maji, na zipo flisi zinazotokana na chupa zilizokwishatumika. Nusu ya pili haisimami. Mabaibui mengi yanayoshonwa hapa ni ya poliesta pia, na fundi yeyote anajua jinsi kitambaa hicho kinavyomwaga nyuzi mara kinapokatwa, hata hawezi kukiacha bila kukipiga ovaloki. Kwa upande wa pili, fulana ya pamba tupu ikikatwa mkono kwa mkasi hujikunja ukingo tu. Poliesta moja inatoa nyuzi na nyingine haitoi, na pamba ni vivyo hivyo. Kwa hiyo sababu haimo katika kilichotengenezewa uzi, imo katika namna nyuzi zilivyoshikana.

Kosa hili lina madhara, na ndiyo maana nalisisitiza. Mwenye kuamini kuwa siri ni plastiki hushawishika kupitisha kiberiti kwenye ukingo, kama inavyofanywa kwa ncha ya kamba ya nailoni. Poliesta huyeyuka na kuganda kuwa vidonge vigumu vinavyokwaruza ngozi, tundu hupoteza mvutiko wake, na manyoya ya flisi yanaweza kushika moto ghafla. Hakuna kilichohitaji kuzuiwa hapo tangu mwanzo.

Kitambaa cha kanga au cha baibui kimeundwa kwa nyuzi za urefu na za upana zinazopishana juu na chini, kama chane za mkeka. Ukiukata mkeka kwa kisu, kila uchane ulio karibu na ukingo hubaki umelala tu kati ya wenzake. Hakuna kinachoushika isipokuwa msuguano, na ukivutwa kidogo hutoka mzima, kisha wa pili yake hulegea na kutoka pia. Flisi haikupishanishwa hivyo. Uzi wake umepindwa kuwa vitanzi, kila kitanzi kikipita ndani ya mwenzake, kwa hiyo hakuna uzi ulionyooka sambamba na ukingo unaosubiri kuchomolewa. Hata hivyo vitanzi peke yake havitoshi, maana sweta nalo ni la vitanzi na huweza kufumuka safu kwa safu. Kinachoongezwa ni hatua ya kiwandani, ambapo kitambaa hupitishwa kwenye magurudumu yenye meno madogo ya waya yanayochambua uso wake mpaka nyuzinyuzi zisimame na kusokotana. Manyoya hayo ndiyo yanayovifunga vitanzi mahali pake, na hewa inayonaswa humo ndiyo inayotunza joto la mwili.

Si kila blanketi la manyoya sokoni limeundwa hivyo; mengine ni ya nyuzi za kupishana zilizochambuliwa juu. Kata kipande kidogo pembeni na ukivute kwa kucha: uzi mrefu ukitoka, itabidi upinde kingo zote.

Vitanzi vinavyozuia kufumuka ndivyo vinavyofanya kitambaa kivutike, na hapo ndipo mishono mingi huharibika. Tumia sindano yenye ncha ya mviringo, inayosukuma vitanzi kando badala ya kuvitoboa, na mshono wa zigizaga mwembamba ili uzi usikatike mkono unaponyooshwa. Hesabu ya tundu nayo inataka uangalifu. Kipande cha mkono chenye upana wa sentimita 62, kikiunganishwa kwa kuacha sentimita 1 kila upande, hutoa bomba lenye mzunguko wa sentimita 60, ambao ni duara la kipenyo cha takriban sentimita 19. Usikate tundu la sentimita 19. Mstari wa mshono utapita sentimita 1 nje ya ukingo pande zote, kwa hiyo tundu hukatwa la 17. Ukikata 19, mshono utafika 21, sawa na mzunguko wa sentimita 66, na utalazimika kulikunja blanketi vikunyanzi ili tundu lilingane na mkono. Mwisho wa kazi usiinyooshe mishono kwa pasi ya moto, hasa ya mkaa ambayo moto wake haupimiki, bali ibonyeze kwa vidole, kwani manyoya yaliyoyeyuka hung'aa na hayasimami tena.