Uzi wa anasa uliotiwa rangi kwa mkono ni uzi gani?

Karatasi inayozunguka donge la uzi wa kiwandani huwa na namba mbili. Moja ni ya rangi, nyingine ni ya mkupuo: madonge yote yenye namba hiyo yalichovywa pamoja katika pipa moja. Ukinunua madonge yenye namba zinazolingana, sweta lako litatoka na rangi moja kuanzia shingoni hadi kwenye pindo. Uzi uliotiwa rangi kwa mkono mara nyingi hauna namba ya pili, na ukiwa nayo, mkupuo wenyewe ni mafungu machache tu yaliyoenea kwenye sufuria. Rangi imewekwa na mtu, fungu kwa fungu, na fungu la leo halitafanana kabisa na la jana hata mtu yuleyule akitumia kipimo kilekile.

Uzi, ambao mara nyingi ni wa sufu, yaani manyoya ya kondoo, huanza ukiwa mweupe. Haujaviringwa kuwa donge. Umezungushwa kuwa duara kubwa legelege lililofungwa kwa vikamba hapa na pale, ili rangi ipenye na nyuzi zisitatane. Hilo ndilo fungu. Huloweshwa kwanza kwa maji ya vuguvugu, maana sufu kavu hunywa rangi kwa mabaka. Baada ya hapo kila mtiaji rangi ana mkono wake. Yuko anayezamisha mafungu kadhaa kwenye sufuria moja, rangi ikashika zaidi pale ilipoyafikia kwanza. Yuko anayelaza uzi mezani na kuupaka kwa brashi, sehemu baada ya sehemu. Mwingine hunyunyizia rangi ya unga juu ya uzi uliolowa, kila chembe ikaacha doa lake.

Kinachoishikisha rangi kwenye sufu ni asidi na moto kwa pamoja. Siki ya jikoni inatosha, ingawa wengi hupendelea unga wa asidi ya sitriki kwa sababu haunuki. Maji hupashwa yakaribie kuchemka, yakatulizwa hapo nusu saa hivi bila kutokota. Kazi ikienda vizuri, maji hubaki maangavu kabisa, rangi yote imehamia kwenye uzi. Hata baada ya miaka mingi, dakika hiyo bado hunifurahisha. Kisha uzi huachwa upoe wenyewe, kwani sufu ikikorogwa au ikishtuliwa kwa maji baridi, nyuzi hung'ang'aniana na hazitenganishiki tena.

Wanaotengeneza batiki Dar es Salaam au Zanzibar watashangaa hapa. Pamba ya batiki hutiwa rangi kwa msaada wa kostiki soda, ambayo ni kinyume cha asidi. Sufu haitaki hivyo hata kidogo. Kostiki huila sufu, kwa kuwa sufu ni protini kama nywele zako, na rangi zake hushika kwenye asidi. Vivyo hivyo, rangi ya sufu ukiitia kwenye uzi wa pamba, sehemu kubwa itaondoka na maji ya kusuuzia. Kwa hiyo kabla ya kununua rangi, jua kwanza uzi wako umetoka kwa mnyama au kwa mmea.

Vipi kuhusu neno “anasa”? Hilo ni jambo jingine, na watu hulichanganya na kazi ya mkono. Huko Nanyuki, Kenya, wanawake husokota sufu, huitia rangi na kufuma mazulia, vyote kwa mikono, na uzi wao ni mgumu kama zulia linavyotaka. Ni kazi ya mkono, na ni nzuri, lakini hutaivaa shingoni. Anasa inatokana na uzi wenyewe: sufu ya kondoo wa merino iliyo laini sana, manyoya ya alpaka (mnyama wa Amerika Kusini), hariri, au kashmiri, ambayo mbuzi mmoja hutoa gramu 200 hivi au pungufu kwa mwaka mzima. Ukijumlisha na kazi ya mkono, ndiyo maana fungu moja la gramu 100, lenye urefu wa mita 400 hivi kama ni uzi mwembamba, huuzwa Marekani kwa dola 25 hadi 35. Mimi naona bei hiyo ni ya haki, ukizingatia saa zilizoingia humo.

Shida huja wakati wa kufuma. Huko Uruguay, nchi yenye kondoo wengi kuliko watu, ushirika wa mafundi wanawake wa Manos del Uruguay, ulioanza mwaka 1968, ni miongoni mwa waliouzoesha ulimwengu uzi usio na namba ya mkupuo. Wafumaji wamejifunza kufuma na mafungu mawili kwa zamu: safu mbili kutoka fungu hili, safu mbili kutoka lile, mpaka mwisho wa kazi. Tofauti inamezwa, jicho halioni mpaka. Niliwahi kupuuza ushauri huo kwenye sweta la kijani. Uzi uliisha nikiwa kwenye mkono wa kushoto, nikanunua fungu lenye jina lilelile la rangi, na mkono ule ukatoka kama wa nguo nyingine. Nilifumua mikono yote miwili nikaianza upya kwa zamu. Tangu siku hiyo hununua fungu moja la ziada mapema.

Uzi wenye rangi nyingi una tabia yake pia. Upana wa kazi ukilingana na urefu ambao rangi hujirudia kwenye uzi, rangi moja hurundikana mahali pamoja na kufanya baka kubwa. Ongeza au punguza mishono michache, au fuma kwa kroshia, ambayo hula uzi kwa mwendo tofauti, na baka litatawanyika.

Ukiifua nguo mara ya kwanza na maji yakatoka na rangi kidogo, usiogope. Mara nyingi ni rangi iliyozidi. Ikiendelea kutoka kila unapofua, kuiloweka nguo kwenye siki ya baridi, kama wengi wanavyoshauri, hakutasaidia. Asidi bila moto haishikishi kitu. Uzi huo ulitolewa jikoni mapema, na dawa yake ni kurudi kwenye sufuria.