Sampuli ya udongo wenye mafuta mazito: tunachopima na tusichopima

Tangu mvua za masika zianze, dirisha letu la kupokea sampuli halikauki watu. Oili chafu ya gereji na mafuta mazito ya jenereta yanasombwa na maji hadi mashambani na visimani, na wananchi wanafanya jambo la maana: wanachota udongo na kutuletea. Tunawashukuru kwa dhati. Lakini sampuli nyingi tunalazimika kuzikataa, na maneno kwamba "maabara inapuliza gesi ya soda tu, kisha inaandika majibu" yameenea kiasi kwamba hatuwezi kuendelea kunyamaza.

Gesi tunayotumia kutoa mafuta kwenye udongo ni ileile ya soda, kweli: ni hewa ukaa. Hewa ukaa inayotoka yenyewe ardhini kule Kyejo, wilayani Rungwe, husafishwa na kuuzwa kwa watengenezaji wa soda, na kikemia haina tofauti na ya mitungi yetu. Yetu inasafishwa zaidi, kwa sababu chembe ya grisi ndani ya mtungi ingesomeka kama uchafu wa shamba lako. Kinachobadilisha kila kitu ni mgandamizo. Hewa ukaa ikivuka nyuzi joto 31 na mgandamizo wa baa 74 (baa ni kipimo cha mgandamizo) haiwi tena gesi wala kimiminika. Hali hiyo huitwa superkritiko. Nyuzi 31 ni mchana wa kawaida Dar es Salaam. Kazi iko kwenye hizo baa 74, ukizingatia kuwa tairi la gari dogo hujazwa baa 2 na ushei. Ikifika hapo, hupenya kwenye matundu ya udongo kama gesi na kuyeyusha mafuta kama kimiminika.

Utaratibu tunaoufuata ni mbinu namba 3560, iliyotolewa na shirika la mazingira la Marekani, EPA, mwaka 1996. Kabla yake maabara nyingi zilitumia freoni, kemikali inayokula tabaka la ozoni na ambayo Itifaki ya Montreal ya 1987 iliibana. Udongo wako huchanganywa na unga wa kukausha unyevu, hufungiwa kwenye mrija wa chuma, kisha hewa ukaa hupitishwa kwa nyuzi joto 80 na mgandamizo wa takribani baa 345 kwa dakika 30. Upande wa pili mgandamizo huachiwa, gesi hupotea, mafuta hubaki kwenye kichupa cha kioo. Kichupa kinaanza kikiwa cheupe kama maji. Muda si mrefu kimekuwa na rangi ya chai ya rangi. Hayo ndiyo mafuta yaliyokuwa shambani kwako, na hayo ndiyo yanayopimwa.

Sasa, naomba hili lieleweke mara moja: hatusafishi mashamba. Tunapokea gramu chache za udongo, hatupokei magunia. Waliokuja na lori mwezi uliopita wamepoteza mafuta ya gari na muda wao. Vilevile, udongo uliobaki kwenye mrija ukiwa bado mweusi si ushahidi kwamba hatukupima. Mafuta mazito yana asfalteni, sehemu ile ya lami, na hewa ukaa haiiyeyushi vizuri. Kwa hiyo majibu yetu husoma sehemu inayoyeyuka, na ripoti inaandika hivyo waziwazi. Isomeni yote, si namba ya mwisho tu. Petroli nayo haipimwi kwa njia hii, kwani ni nyepesi na hutoroka pamoja na gesi. Ukishuku petroli, sema dirishani ili upangiwe kipimo kingine.

Kuhusu adhabu tunaulizwa kila siku. Kifungu cha 187 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kama kilivyotungwa, kinamtia hatiani anayemwaga mafuta au mchanganyiko wenye mafuta ardhini, majini au hewani kinyume cha sheria. Faini iliwekwa isiyopungua shilingi milioni 3 wala kuzidi milioni 50, au kifungo kisichozidi miaka 12, au vyote viwili. Juu ya hayo, mahakama inaweza kumwamuru mchafuzi alipe gharama yote ya kusafisha, au asafishe mwenyewe mpaka mamlaka iridhike. Lakini maabara haimtaji mkosaji. Ripoti inasema kiasi gani cha mafuta kimekutwa kwenye udongo; nani kayamwaga ni kazi ya wakaguzi na mahakama.

Ndiyo maana fomu ya makabidhiano ya sampuli haina mjadala. Iandikwe mahali, kina cha uchotaji, tarehe, saa, na saini ya kila aliyeishika. Ikikosekana saini moja, wakili wa upande wa pili ataanzia hapo hapo. Leteni pia sampuli ya pili, ya kulinganisha, kutoka upande wa juu wa mteremko ambako mafuta hayakufika. Zote zikae kwenye barafu, gizani, na zitufikie mapema, maana lazima zichakatwe ndani ya siku 14 tangu kuchotwa.

Na chombo kiwe cha kioo. Mama mmoja alileta udongo wa bustani yake ya mchicha kwenye kopo la plastiki ambalo, kwa nia njema kabisa, alilisuuza kwa mafuta ya taa ili liwe safi. Kipimo kingesoma mafuta ya taa yake mwenyewe na kesi yake ingeharibika. Tulimpa chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akarudi kesho yake asubuhi na udongo mwingine. Chupa hizo zipo dirishani. Njoo uchukue kabla hujachota.